Ushago ni Penye Wazee Walizikwa: Jinsi ya Kusoma Makaburi ya Kitambo ya Frere Town

Kila Mkenya ashaulizwa hili swali: "Ushago wenu ni wapi?" Ukisema Siaya, Nyeri ama Kaloleni, stori imeisha. Lakini kuna watu wa Mombasa ambao jibu lao ni safari ya matatu moja tu kutoka mjini. Unavuka daraja la Nyali, unashukia Kengeleni, umefika ushago. Hakuna kwingine. Babu ya babu yao hakuja hapo kusaka kazi wala kununua ploti. Alitolewa kwa jahazi la wauza watumwa, akashushwa pwani asiyoijua, na kijiji alichozaliwa hakukiona tena maisha yake yote.

Hao ndio watu wa Frere Town. Na ndio maana makaburi ya kitambo ya huko si mahali pa kupita mbio ukiogopa majini. Yale mawe ndiyo karatasi zao. Shida ni moja: wengi wetu hatujui kuyasoma. Tunaona msalaba, tunaona maua ya kuchongwa, tunaona herufi hatuzielewi, halafu mtu kwenye grupu ya WhatsApp anasema "hiyo ni Illuminati" na kila mtu anaamini.

Basi leo tufundishane. Ukimaliza hapa, utaweza kuingia makaburi ya zamani ya Frere Town, Rabai, Mbaraki ama hata Lang'ata, na uelewe mawe yanasema nini. Halafu nitakuonyesha ile alama ambayo watu huiruka, na kwa Frere Town ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwanza, huu mtaa ulitoka wapi?

Wasee wengi hudhani jina ni "Freetown," mji wa watu huru. Maana inaingia kabisa, lakini jina ni la mtu: Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Mwaka 1873 alitumwa Zanzibar kumsukuma Sultan Barghash afunge biashara ya watumwa ya baharini. Mwezi wa Juni mwaka huo mkataba ukasainiwa.

Lakini si unajua karatasi na ukweli ni vitu viwili. Majahazi yaliendelea kupita usiku, na manowari za Waingereza zikawa zinayakamata. Sasa swali: watu waliotolewa kwa hayo majahazi wapelekwe wapi? Huwezi kumrudisha mtoto wa miaka minane kwao Malawi ama Msumbiji wakati hata jina la kijiji chao hajui, na njia yote imejaa watu wa kumkamata tena.

Hapo ndipo Church Missionary Society, ile misheni ya Waanglikana wanaoiita CMS, ilipochukua ardhi upande wa Kisauni, ikitazamana na kisiwa cha Mombasa. Kati ya 1874 na 1875, mmisionari William Salter Price akaanzisha kijiji. Price alikuwa na uzoefu: kabla ya hapo alisimamia kituo huko Nasik, India, ambako watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini walisomeshwa na kufunzwa ufundi. Baadhi ya vijana wa Nasik walirudi Afrika Mashariki na kuwa walimu, mafundi na wakalimani wa misheni. Kwenye historia utawakuta wakiitwa Waafrika wa Bombay.

Wengine walioletwa moja kwa moja kutoka majahazini walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na makabila mengine mob. Lugha tofauti, dini tofauti, wote wamewekwa kijiji kimoja. Na kwa sababu wauza watumwa hawakuwa wamefurahia, kukawa na kengele ya kupigwa hatari ikionekana. Hiyo kengele ndiyo iliyoipa steji ya Kengeleni jina lake. Unapoita makanga akushushe hapo, unataja kengele ya hatari bila kujua.

Kaburi lililotangulia mji

Kabla ya Frere Town kuwepo, tayari kulikuwa na kaburi upande huo wa maji. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe, Rosine. Krapf ndiye yule aliyeandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Walifika Mei. Kufika Julai, Rosine alikuwa amefariki kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata siku chache tu baadaye. Wakazikwa bara, upande huu wa Kisauni na Nyali, si kisiwani.

Mahali penyewe palikuwa na maana. Krapf aliandika kwamba mkewe alitaka kuzikwa bara ndio wapita njia wakiona kaburi wakumbuke kilichowaleta. Na yeye mwenyewe aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo la peke yake ni dalili kuwa kazi ya misheni imeanza kwa upande huu wa dunia. Kwa hivyo kaburi lilifanya kazi ya bendera: tumefika, na hatuondoki. Cha ajabu, Krapf mwenyewe aliondoka. Amezikwa Korntal, Ujerumani. Waliobaki Pwani ni mama na mtoto.

Shika hilo wazo la kaburi kama bendera, tutalirudia.

Kabla ya kusoma jiwe, cheki limelala vipi

Ukiingia makaburini, usikimbilie maandishi. Angalia kwanza kaburi limeelekea wapi. Desturi ya zamani ya Wakristo ni kumlaza mtu chali, kichwa magharibi na miguu mashariki. Wazo ni kwamba siku ya ufufuo akiinuka, uso wake utakuwa unatazama jua linapochomoza.

Waislamu nao humlaza maiti kwa ubavu wa kulia akielekea Makka. Ukiwa Mombasa, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Piga hesabu: ili uso uangalie kaskazini ukiwa umelalia ubavu wa kulia, kichwa kinakuwa mashariki na miguu magharibi.

Umeiona hiyo? Mombasa, kaburi la Mkristo wa zamani na la Muislamu yamelala kwenye mstari mmoja, mashariki hadi magharibi, ila vichwa viko pande tofauti. Watu wameishi jirani miaka yote, na hata chini ya ardhi wamelala sambamba. Ukiwa London au Cairo mstari huo haukubali, kwa sababu Makka haiko kaskazini ya huko.

Alama na maana zake

Sasa tuingie kwa mawe. Hizi ndizo alama utakazokutana nazo kwa makaburi ya Kianglikana ya miaka ya 1800 na mwanzo wa 1900. Usitarajie zote mahali pamoja. Jiwe la kuchongwa lilikuwa la mwenye uwezo, na makaburi mengi ya misheni ni msalaba wa kawaida tu.

*Msalaba juu ya ngazi tatu.* Zile ngazi si pambo. Ni imani, tumaini na upendo. Msalaba wenye duara katikati ni mtindo wa Ireland na Scotland. Ukiuona, mara nyingi familia ilikuwa na mizizi huko au iliupenda tu, kama venye leo watu huchagua muundo kwa picha za fundi.

*Nanga.* Mombasa ni mji wa bandari, kwa hivyo rahisi kusema "huyu alikuwa baharia." Pengine. Lakini kwa Mkristo nanga ni tumaini, kutoka Waraka kwa Waebrania, penye tumaini linaitwa nanga ya roho. Cheki maandishi: kama kuna jina la meli au cheo, alikuwa mtu wa bahari. Kama hakuna, ni imani.

*Herufi IHS zimefungana.* Si jina la kampuni. Ni herufi tatu za kwanza za jina Yesu kwa Kigiriki. Utaziona hata kwa vitambaa vya madhabahu kanisani.

*Nguzo iliyovunjika katikati.* Jiwe halikuangushwa na mvua wala wahuni. Lilichongwa hivyo makusudi, kuonyesha maisha yaliyokatwa mapema. Kabla ya kulaumu mtu, angalia pale palipovunjika: kama pamelainishwa vizuri, ni kazi ya fundi.

*Mwanakondoo au njiwa mdogo.* Mara nyingi ni mtoto. Ukikuta kadhaa karibu karibu, piga hesabu ya malaria na ukosefu wa dawa. Hapo ndipo utani unaisha.

*Mikono inayosalimiana.* Kwaheri, au tutaonana tena. Ukiangalia mikono ya shati, mara nyingine utaona mmoja ni wa mwanamke na mwingine wa mwanaume: mke na mume.

*Kidole kinachoelekeza juu.* Ameenda mbinguni. Basi.

*Chombo kilichofunikwa kitambaa.* Maombolezo. Wazungu wa enzi hizo waliiga vyombo vya majivu vya Warumi wa kale, ingawa wao wenyewe walikuwa wakizika mwili mzima.

*Tawi la mtende.* Pwani mtende na mnazi ni kitu cha kila siku, lakini kwa jiwe la Kikristo ni ushindi. Fikiria Jumapili ya Matawi. Huyu amekishinda kifo.

*Bikari na pembemraba, zile ala za kupimia za fundi.* Haya, hapa ndipo stori za jaba huanzia. Hiyo ni alama ya Freemasons, chama ambacho kina hata jengo lake wazi kabisa pale Nyerere Road, Nairobi. Inakuambia marehemu alikuwa mwanachama. Haikuambii alitoa mtu kafara ndio apate gari.

*R.I.P.* Hii unaitumia kila wiki mitandaoni. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini, "apumzike kwa amani." Bahati nzuri, herufi zake zinaingia pia kwa Kiingereza, ndiyo maana hakuna anayejiuliza.

Majirani nao walikuwa na alama zao

Usidhani alama za makaburi zililetwa na meli za Wazungu. Pwani hii ilikuwa ikichonga makaburi karne nyingi kabla Krapf hajazaliwa. Waswahili wa miji ya mawe walijenga makaburi ya nguzo, kitu cha pekee cha mwambao huu. Pale Gede kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mambrui kuna nguzo iliyopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Bakuli kama hizo zilikuwa mali ya mtu mzito, aliyejulikana ng'ambo ya bahari.

Halafu kuna Wagiriama na Wamijikenda wenzao, ambao leo wamejaa Kisauni kuliko mtu yeyote. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, alisimamishiwa kigango: mbao ndefu iliyochongwa, kichwa cha duara, mwili bapa uliojaa pembetatu ndogondogo. Hakuna jina limeandikwa. Halihitajiki, kwa sababu ukoo unajua huyu ni nani. Na kigango hakihamishwi, hata familia ikihama.

Sasa sikiliza hii. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwa majumba ya makumbusho ya Marekani kama "sanaa ya Kiafrika." Mwaka 2014, Denver Museum of Nature & Science ilitangaza kurudisha vigango 30. Thelathini, kwa jumba moja tu. Na kwa kuwa havina maandishi, kigango kikishatoka mahali pake, kujua ni cha nani inakuwa kazi kubwa mno.

Hapo ndipo unaona tofauti. Kigango kinategemea ukoo ukumbuke. Jiwe linategemea maandishi. Lakini je, kama ukoo wako ulivunjwa kabla hujafika? Hiyo ndiyo stori ya Frere Town.

Alama kubwa kuliko zote ni jina

Simama mbele ya jiwe lolote la zamani la misheni usome jina. William. Matthew. Jones. Wellington. Rahisi kupita ukisema "huyu alikuwa Mzungu." Usipite.

Watoto waliookolewa walipobatizwa, walipewa majina ya Kiingereza, mengine ya wamisionari, mengine ya wafadhili waliotuma pesa kutoka Uingereza. Matthew Wellington alizaliwa Myao, jina lake Chengwimbe. Akauzwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik, na akawa mmoja wa watu waliobeba mwili wa David Livingstone kutoka ndani kabisa ya Zambia ya leo hadi pwani. Alifariki Mombasa mwaka 1935. Jina Wellington halikuambii hata kipande cha hiyo safari.

Mwenzake wa Nasik, Jacob Wainwright, ndiye aliyechonga maandishi kwa mti pale moyo wa Livingstone ulipozikwa, Mei 1873. Fikiria: kijana aliyewahi kuwa mtumwa, jina lake mwenyewe la kuzaliwa limefutwa, ndiye anayehakikisha jina la Mzungu halifutiki. Aprili 1874 alikuwa kati ya waliobeba jeneza ndani ya Westminster Abbey, London.

Halafu kuna William Jones. Yeye naye ni mtu wa Nasik, akapewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo Hannington alielekea Uganda, Jones akiwa kwa msafara. Oktoba askofu akauawa Busoga pamoja na wapagazi kama 50 hivi. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai, mwanzoni mwa 1886, mbele wakiwa na bendera ya buluu yenye neno moja la Biblia: Ikabodi, utukufu umeondoka. Mifupa ya Hannington ilizikwa kwa heshima Namirembe, Kampala, mwaka 1892. Wale wapagazi? Hakuna anayekupeleka kuona mawe yao.

Kwa hivyo ukisoma jina la Kiingereza kwa jiwe la Frere Town, soma mambo mawili. La kwanza, kilichopotea: nyuma ya Jones kuna jina la Kiyao ama la Kimakua ambalo mama fulani alilichagua. La pili, kilichoanza: huyu mtu alizikwa kama mtu, na jina, kanisani kwake, watu wake wakiwa wamesimama. Mtumwa hakuwa na haki hiyo. Angalia pia tarehe. Ukikuta jiwe lenye tarehe ya kufa peke yake, bila ya kuzaliwa, usidhani fundi alisahau. Mtu aliyekamatwa akiwa mdogo angejuaje siku aliyozaliwa?

Na wengine walishikilia majina yao. Mbotela, kwa mfano. James Juma Mbotela aliandika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka 1934, kuhusu watu wake walivyotekwa na wakafika Frere Town. Mwanawe unamjua: Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town 1940 na kutuacha Februari 2025. Ndiye yule wa *Je, Huu ni Ungwana?* redioni. Sasa weka akili hapa. Leo ungwana ni tabia nzuri. Kitambo Pwani, muungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, kinyume cha mtumwa. Mjukuu wa watu walioachwa huru alikaa miongo mingi akiuliza nchi nzima kama inajua ungwana ni nini. Hakuna jiwe linaweza kuandika hivyo vizuri.

Mbona hii ni maneno ya leo

Kenya, kaburi si jambo la marehemu peke yake. Wazazi wako wanakumbuka kesi ya S.M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986. Mkewe Wambui alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, mtu wetu anazikwa kwetu. Miezi mitano mwili ukiwa mochari, mpaka Mei 1987 mahakama ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Bishana utakavyo kuhusu uamuzi, lakini kilichosemwa ni hiki: kwenu ni penye watu wako wamelala.

Sasa chukua kipimo hicho upeleke Frere Town. Watu hawana Nyalgunga ya kurudi. Hawawezi kutaja mto wala mlima wa mababu. Kaburi la mtu wa kwanza kwa familia kuzikwa Kisauni ndipo ushago ulipoanzia. Ndiyo ile bendera ya Krapf, ila hawa kweli hawakuondoka. Na Kisauni unaijua: kila kipande cha ardhi kina anayekimezea mate. Jiwe likianguka, msitu ukifunika, ukuta wa mtu ukisogea hatua mbili, hakuna aliyekufa upya, lakini ushahidi umekwenda.

Na usidhani ni sisi tu. New York, mwaka 1991, wajenzi wa jengo la serikali walichimba msingi wakakuta makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa, yaliyofunikwa na mji kwa karibu miaka 200. Mabaki ya watu 419 yalitolewa, yakachunguzwa, na mwaka 2003 yakazikwa tena kwa heshima. Wengine walikuwa na shanga kiunoni. Hakuna jina hata moja. Tangu 2006 mahali hapo ni mnara wa taifa.

Hata makaburi ya wanajeshi yana funzo hilohilo. Pale Mbaraki, kisiwani, utaona mawe meupe ya Vita vya Dunia, yote ukubwa sawa, jenerali na karani sawasawa. Hiyo ndiyo sheria ya tume inayoyatunza: wote sawa. Lakini Waafrika waliobeba mizigo Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo, wengi hawakupewa jiwe. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikubali na kuomba radhi: kati ya watu 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina ama hawakukumbukwa kabisa. Usawa wa mawe haukusaidii kama jina lako halikuandikwa.

Ukienda, fanya hivi

Omba ruhusa kwanza. Makaburi ya misheni yako chini ya kanisa, na kuna familia ambazo bado zinazika na kutembelea. Pita kanisani, salimia mzee wa kanisa ama mama unayemkuta hapo, shikamoo yako iwe tayari, sema kilichokuleta. Ukikuta mazishi, rudi siku nyingine.

Usikae juu ya kaburi kupiga selfi. Usikanyage. Fahamu pia kuwa kuingia makaburini kwa nia ya kuvunjia watu heshima ni kosa la jinai Kenya.

Maandishi yakiwa yamefifia, usisugue. Hakuna chaki, hakuna sabuni ya choo, hakuna brashi ya waya. Hewa ya chumvi ya Mombasa imeshakula jiwe vya kutosha. Fanya hivi: nenda asubuhi mapema ama jioni jua likiwa chini, ama washa tochi ya simu uishike ubavuni, karibu sambamba na uso wa jiwe. Kivuli kitaingia kwa kila herufi na maneno yatainuka yenyewe. Hiyo ni mbinu ya wanaakiolojia, na haigharimu hata bob.

Piga picha tatu: jiwe zima, maandishi kwa karibu, na mazingira yake ndio mtu ajue liko wapi. Andika jina vile lilivyo, hata kama unaona limekosewa.

Halafu fuata jina hadi kwa karatasi. Daftari za kanisa za ubatizo na mazishi ndizo za kwanza. Barua za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Na Rabai, mwendo mfupi tu kutoka Mombasa, kuna makumbusho penye stori hii inaendelea, juu wengi wa walioachwa huru waliishi huko pia.

Lakini karatasi iliyo karibu kuliko zote inapumua. Ni yule nyanya wa Kengeleni anayejua kaburi lisilo na jiwe ni la nani, chini ya mwarobaini gani, na kwa nini. Hilo halijaandikwa popote. Mwulize akiwa bado anaweza kukujibu, washa rekoda ya simu, na uandike jina.